Feni, Kochi na Ngozi Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na mafua. Feni namba tano usiku kucha! Nimelala na blanketi, juu ya blanketi koti la mvua, bado meno yanagongana. Mke wangu pembeni hata shuka hataki, eti jasho. Nikizima, anawasha. Asubuhi kanitangazia, kwa ule utulivu wake unaotisha, kwamba kuanzia wiki ijayo mmoja wetu anahamia kwenye kochi la sebuleni, na mgongo wake yeye hauwezi kochi. Yaani mimi. Kochi lenyewe lina springi inayochoma mbavu.

Nani alituoanisha sisi? Mimi mwoka mikate, kutwa nzima mbele ya tanuri, nikirudi nyumbani kila kitu barafu. Yeye anafungasha nyama kwenye chumba cha baridi kiwandani, koti zito na glavu, akirudi anaona nyumba inawaka moto.

Kitinda mimba wetu kasikia ugomvi na kufurahi! Tunamwita Injinia ingawa chuo hajamaliza. Anatafuta watu wa kupima joto la ngozi kwa mradi wake wa mwisho. Basi tumekubaliana: ngozi ndiyo iamue. Anatupima jioni zote za wiki hii. Ambaye ngozi yake itaonyesha anateseka kweli, kitanda na swichi ya feni ni vyake. Mwingine kochi.

Sawa. Mimi nateseka kweli, sina wasiwasi.

Jumanne, 4 Machi

Tulianza jana jioni. Vibandiko vyenye nyaya: paji la uso, kifua, mkono, ugoko. Cha ugokoni kimeondoka na nywele zangu. Nimepiga kelele, mke wangu kacheka mpaka akapaliwa.

Injinia anasema ngozi ikiwa kwenye nyuzi thelathini na tatu, thelathini na nne hivi, kwa kawaida mtu anajisikia vizuri. Mikono na miguu ndiyo ya kuangalia zaidi. Mwili ukiona baridi unaanza kubana damu ya huko mwisho ili tumbo na moyo visikose joto. Kama mabosi tu—wa chini ndio wanaoumia kwanza. Kisha anatuuliza: joto, sawa, au baridi? Anataka kuona kama mdomo na ngozi vinasema kitu kimoja.

Kimoja nilisahau kukibandua, leo nikaenda nacho kazini. Mwenzangu anayekanda unga, Hamira, kauona waya unaning'inia kwenye suruali. Kauliza kama siku hizi nachajiwa.

Jumatano, 5 Machi

Aibu! Nimesema baridi kali. Mkono wangu una moto kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi.

"Baba watoto," mke wangu kasema, "ngozi yako imekukana mchana kweupe."

Yake nayo imemkana. Kasema anaungua, vidole vyake ni baridi tupu. Lakini hilo limepitishwa harakaharaka. Injinia anakuna kichwa. Anadhani kazi zimetuzoesha vibaya, kila mmoja analinganisha nyumba na alikoshinda.

Kwa hiyo hakuna aliyeshinda bado. Ila nikiendelea hivi, kochi linaniita.

Alhamisi, 6 Machi

Mimi si mdanganyifu. Lakini springi ile!

Kabla ya kupimwa nimejifungia bafuni na beseni, maji na barafu yote ya frija. Mkono ndani, mguu ndani. Uchungu wake sitausahau. Nimetoka nikijikausha, nachechemea kidogo.

Injinia kashangaa: leo ngozi ya Baba inakubaliana na mdomo wake! Na ya Mama pia, mkono wake umepanda joto ghafla. Hapo ningejiuliza. Sikujiuliza, nilikuwa nafurahia ushindi.

Ijumaa, 7 Machi

Barafu tena. Mguu hauna hisia. Nimemkanyaga paka, yeye ndiye aliyenijulisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeingia jikoni na beseni langu kuchukua barafu. Mke wangu huyo hapo! Kakaa kwenye kigoda mbele ya oveni iliyo wazi, goko zote mbili zinaota moto, mikono imekumbatia birika la maji ya moto. Kaniangalia. Kaliangalia beseni. Mtu wa tanuri na barafu, mtu wa barafu na oveni. Tumecheka mpaka kashikilia meza. Siku nyingi hatujacheka hivyo.

Tukapatana kunyamaza. Sekunde hiyohiyo Injinia kaingia mbio. Profesa wake kaona matokeo, hajawahi kupata watu ambao ngozi na mdomo vinapatana hivi. Kesho anakuja mwenyewe na mashine bora, akae mbele yetu! Akiridhika, mtoto kafaulu.

Nilitaka kumwambia ukweli. Alikuwa anaimba. Nikamwangalia mama yake, mama yake akaangalia sufuria.

Jumapili, 9 Machi

Naandika hapahapa sebuleni. Profesa karuhusu, mradi mkono wa kushoto wenye kibandiko usitikisike. Feni namba tano, Profesa kataka. Tuko kwenye kochi, mimi na mke wangu, shuka magotini. Hakuna barafu, hakuna birika. Nimesema baridi, yeye kasema joto, na kompyuta inatuumbua wote wawili. Profesa kakunja uso. Injinia anatafuna kucha. Mwanangu! Roho inaniuma.

Kuna kitu cha baridi kinatambaa chini ya shuka.

Vidole vya mke wangu. Kanishika mkono. Mwanamke ana akili huyu! Baridi yake inakuja kwangu, joto langu linakwenda kwake. Kwenye kompyuta mstari wangu unashuka, wake unapanda. Profesa anaitikia kwa kichwa, karidhika.

Sasa mistari imekutana. Haiachani. Profesa kavua miwani, kauliza tena: joto, sawa, au baridi?

"Sawa," nimesema.

"Sawa," naye kasema, palepale.

Injinia kaangalia kompyuta, kaangalia shuka. Kalifunua.

"Baba, Mama, achianeni mikono nipime upya. Nataka kipimo cha kweli."

Ana haki. Ni mtihani wake, na tumeuchezea wiki nzima. Ndiyo, tutaachiana.

Kasema mara ya pili. Namsubiri mama yake aachie kwanza. Naona naye ananisubiri mimi.