Nyumba Yako Imesimama, Cephas

Awendo, Migori
9 Novemba

Kwa ndugu yangu mkubwa Cephas,

Pokea salamu nyingi kushinda miwa ya Awendo. Natumaini u mzima, na kwamba upepo wa Mbita haujakumaliza nyama, maana hata zamani hukuwa nayo. Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Baba ni yule yule. Mimi ndiye nimezidi: kwa kupakia miwa hakuna wa kunifikia kutoka hapa hadi Rongo. Walimu waliosema darasa la saba limenishinda sasa hunipungia mkono nikiwa juu ya trekta.

Simu yako haipatikani mwaka wa pili huu, ndiyo maana naandika. Barua inaletwa na Leonida, yule mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani. Nitakueleza tulivyojuana.

Habari kubwa ni kwamba nataka kuoa. Usicheke. Anaitwa Emmaculate, fundi wa nguo pale Uriri, na ana akili kuliko sisi wawili tukiunganishwa. Kwao wamesema binti yao haendi kwa kijana anayelala jikoni kwa mama yake, na ni kweli. Wamenipa hadi Krismasi. Nikamwendea Baba anionyeshe pa kujenga simba, nyumba yangu ya ujana ndani ya boma kama wenzangu. Baba hakuinua hata kichwa. Alisema, "Mdogo hamruki mkubwa. Cephas ajenge kwanza." Nikamwambia huyo mkubwa ana miaka sita hajakanyaga hapa. Akasema basi ningoje wa saba.

Mimi si wa kungoja. Nilidandia lori tupu la miwa hadi Rongo, wakasema ulipita zamani ukielekea Rodi. Rodi wakanituma Homa Bay mjini. Huko kila mtu alikuwa na Cephas wake, na mmoja ni mhubiri. Ni Leonida, akiwa na magunia yake ya omena, aliyeniuliza mbona nina pua ya Cephas wa Mbita.

Nikafika Mbita, nikarudi, nikawaambia wazee nimekukuta, una mashua mbili, umenenepa, na umesema nikuanzie nyumba yako, wewe utakuja kuifungua. Kesho yake Baba alichukua panga akaenda kukata miti mwenyewe. Mama, na goti lile, alikanyaga udongo. Sasa nyumba imesimama upande wako wa lango, mabati juu, kuta zimekauka.

Niseme ukweli sasa, maana karatasi hainipigi. Sikukukuta. Nilikuona. Ulikuwa umepiga magoti ufukweni unaanika omena za mtu, na mwenyewe, kijana mdogo kuliko mimi, alikuwa anakufokea. Ukamjibu, "Ndiyo, mkubwa." Wewe, uliyenifundisha kupigana. Nilijificha nyuma ya mashua iliyopinduliwa mpaka ukaondoka. Sikukuogopa wewe. Niliogopa uso wako ukiniona.

Ndipo nikajua kwa nini huji. Unangoja upate kitu cha kuja nacho. Omera, ndugu yangu, Baba hajaniuliza hata siku moja utaleta nini. Anauliza tu kama bado unalala ukikoroma. Zile mashua mbili niachie: mimi nilizitunga, mimi nitazizamisha. Nikipigwa, mgongo huu unabeba miwa, utabeba na fimbo.

Jumapili ijayo Baba anataka uwashe moto wa kwanza humo na ulale. Usipokuja, narudi Mbita, na safari hii sijifichi. Nitapiga magoti kando yako nianike omena hadi unichoke. Krismasi ikinikuta huko, poa. Emmaculate nimeshamwambia hivyo, akanitazama sana, akasema nisisahau sweta.

Emmaculate anakusalimu kwa heshima ambayo mimi hanipi. Mama anauliza kama bado huli mboga ya mrenda. Mwambie Leonida asante, ataikunja barua hii vizuri kuliko mimi.

Kazi yote nimemaliza ila mlango. Umeegemea ukuta. Mimi ni fundi wa kila kitu, lakini huo si wangu kuupachika.

Ni mimi mdogo wako,
Elkana