Godoro la Usumba

Vitongoji, 8 Februari 1998

Mwanangu Widad,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila Bobi mgonjwa. Lile jimbwa lako, kubwa kama ndama, kiuno kimekwisha. Analala bandani juu ya saruji, na asubuhi hainuki mpaka nimsemeze sana. Wewe unauguza wazee huko Maskati, niambie nimlaze juu ya nini. Usinicheke. Tangu uchaguzi, huu mwaka wa tatu, kwa kuwa kura yangu haikuwa yao, kijiji kizima hakiitikii salamu yangu. Anayeniitikia ni Bobi tu. Na wanavyosusiana maiti siku hizi, nikifa sijui atanizika nani.

Baba'ko

Maskati, 1 Machi 1998

Baba yangu,

Waaleikumu salaam. Maneno ya kufa yamenikosesha usingizi, usiyarudie. Kuhusu Bobi, kitanda cha kamba hakifai, kinabonyea katikati. Sponji laini nayo atazama. Tafuta godoro la usumba wa makumbi ya nazi, lililoshindiliwa vizuri, la kuweka chini asipande. Mpime akijinyoosha, pua mpaka mkia, uongeze shibiri. Fundi Bakar wa magodoro si yupo?

Mwanao Widad

Vitongoji, 5 Aprili 1998

Mwanangu,

Natumai hujambo, nami sijambo. Bakar ndiye wa mwanzo kuninunia, sahibu yangu tangu chuo cha Kurani. Basi nikaacha karatasi barazani kwake: godoro gumu, la kulala chini, la mwenye maradhi ya kiuno. La mbwa sikusema, angekataa.

Ijumaa baada ya sala nimo uani nasugua sufuria, namwona na godoro kichwani, na wanaume sita nyuma yake. Wamekuja kumtazama mgonjwa. Nikawaonyesha bandani. Wale sita wakaondoka wakitema mate.

Bakar alibaki. Akasema, "Siku tatu nashona huku nakulilia, Haroub, kumbe unasugua sufuria." Nilidhani atanipiga. Akalitandika, akalikandamiza kwa goti, akasema pa kiunoni pamepwaya, kesho atarudi na usumba. Na alirudi.

Baba'ko

Vitongoji, 20 Juni 1998

Mwanangu Widad,

Salamu nyingi, na pole. Bobi amekufa jana asubuhi, juu ya godoro lake, amejinyoosha. Nimelia, sikufichi.

Bakar alikuja na jembe bila kuitwa. Tukamburura sote wawili, tukamzika nyuma ya banda. Kisha tukajitohara najisi ya mbwa mara saba, ya mwanzo kwa udongo, yeye akinimiminia maji nami nikimmiminia. Ya tano nikamwuliza, "Bakar, na mimi nikifa je, atanikosha nani?" Akaniambia, "Lete mkono, bado mbili."

Alipomaliza akanifuta kwa kanga ya marehemu mama'ko, akakaa tukanywa chai mpaka adhuhuri.

Basi siku ukiletewa habari yangu, usihangaike kukimbilia ndege. Njoo taratibu. Yupo wa kunizika.

Baba'ko Haroub