Chupa ya Spiriti Chini ya Cherehani

Kwako mdogo wangu Bosi,

Pokea salamu kutoka chumba cha kushonea. Natumaini wewe, wifi yangu na watoto hamjambo. Ukitaka kujua hali yangu, napumua, na hasira zangu ziko palepale. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na leo nataka nimalize.

Unakumbuka nilivyoanguka nikiwa nakata gauni la bibi harusi. Maumivu yalinishika chembe cha moyo yakatokea mgongoni, nikatapika mpaka ndani hakuna kitu. Ulinibeba mwenyewe hadi hospitali, na kwa hilo nakushukuru. Daktari wa zamu akasema kongosho limevimba, akauliza kama nakunywa pombe. Aliniuliza mimi. Sijafungua mdomo, wewe ukamjibu kwamba baba yetu alikufa kwa ugonjwa huohuo, pombe ndiyo iliyomuua, kwa hiyo asihangaike kutafuta sababu nyingine. Naye hakuhangaika. Nikatundikiwa dripu, nikapewa dawa za maumivu na mahubiri juu yake, nikarudishwa nyumbani.

Tangu hapo mama akawa ananusa vikombe vyangu. Alipoikuta chupa ya spiriti chini ya cherehani, ile ninayofutia madoa ya mafuta kwenye vitambaa, aliilia kana kwamba kuna msiba. Mama huyohuyo, ambaye doa la blauzi yake nililifuta kwa chupa hiyohiyo. Shangazi akasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavigusa, eti nani atampa mlevi mkasi. Bibi harusi alituma mtu, hakuja mwenyewe. Mimi, ambaye hata soda hunipalia.

Maumivu yaliporudi sikutaka unipeleke wewe. Nilikwenda na jirani muuza vifungo, mwanamke asiye na mazoea ya kujibia watu. Safari hii nilimkuta daktari mwingine, mama wa makamo, akanisikiliza mpaka nikamaliza, akaagiza nipigwe picha ya tumbo. Nina mawe kwenye kifuko cha nyongo. Alinieleza kwamba jiwe likiteleza likaziba njia, kongosho ndilo linaloumia. Akasema wanaume wengi anaowapokea kwa ugonjwa huu wameletwa na pombe, na wanawake wengi wameletwa na mawe, ila yeye humpima kila mtu, maana wapo wanaume wenye mawe na wanawake wanaokunywa. Akasema pia kwamba kama ningepimwa mara ya kwanza, huenda hii ya pili isingekuja. Nililia, mdogo wangu, na hayakuwa machozi ya maumivu.

Sasa nakuja kwenye lile lililonishikisha kalamu. Siku ulipokuja kunitazama nilipotoka wodini mara hii ya pili, ulikaa umejikunja, umeinama mbele, umekumbatia tumbo. Mama akasema masikini mwanangu, mawazo ya kazi yamempa vidonda vya tumbo, akaenda kukukorogea uji. Mkao ule naujua, nimeukaa. Ulipoondoka nikaingia chooni, maji yakagoma kushuka, nikafunua tangi. Humo nikakuta chupa yako ya pombe, imebaki nusu; wewe ndiye uliyetoka chooni mwisho. Hata maficho umerithi, maana baba naye alificha humohumo.

Ndipo nilipoelewa kwa nini ulimjibu daktari haraka namna ile. Uliogopa asije akakugeukia wewe. Mimi sijaonja nikaitwa mlevi. Wewe unakunywa na unakorogewa uji, kwa kuwa mwanaume huumwa mawazo. Umeniuza, Bosi, na nusura nife kwa jibu lako.

Mama sijamwambia. Jumatatu nakwenda kulazwa ili kifuko kitolewe, na nimemwomba daktari yule akuone siku hiyohiyo. Amekubali. Nina hasira nawe ambazo hazitaisha mwaka huu, lakini nilikubeba mgongoni kabla sijajua kushika sindano, na sanda yako siishoni. Kwa hiyo utakuja. Utakaa kwenye kiti cha mgonjwa, mimi nitakaa pembeni. Atakapokuuliza kama unakunywa, nitafunga mdomo wangu. Utajibu mwenyewe.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakusalimu, anauliza kama tumbo limetulia.

Ni mimi dada yako,
fundi wa chupa ya spiriti.