Herufi A ni Yako, Yaya

Yaya wangu, kaka yangu Asani,

Leo nimefundisha somo zima juu yako bila kutaja jina lako. Usicheke. Najua ungecheka.

Somo lilikuwa nyota ya Shira, ile nyeupe inayong'aa kuliko zote, ambayo tuliitazama tukitoka msikitini na wewe ukadai ni yako kwa kuwa uliiona kwanza. Kila kitu ulikiwahi. Ulitangulia kuzaliwa ukaitwa Asani, nami nikafuata nikaitwa Useni, kama mapasa wengine, mapacha wa Kasongo. Na kwa kuwa pasa hapewi kitu peke yake, ulikuwa unaenda sokoni kwa akina mama wa mikate: "Mama, mwenzangu amebakia ku nyumba. Unajua desturi." Wanakupa miwili. Wangu uliula njiani, kisha ukanipaka makombo mdomoni ili mama aamini nimekula. Mwizi mkubwa wewe! Ningekupa mikate yote leo.

Yaya, nyota ile si moja. Wachunguzi waliona Shira haiendi sawasawa angani, inayumba kidogo mwaka baada ya mwaka. Wakasema lazima iko na mwenzake anayeivuta, ingawa haonekani. Baadaye darubini ikamwonyesha, kinukta hafifu ubavuni. Zinazungukana, mzunguko mmoja karibu miaka hamsini. Inayong'aa wakaiita A, ile hafifu wakaiita B.

"Mwalimu, basi B ndiye mudogo?" binti mmoja akauliza.

Nikamwambia hapana. B ndiye aliyekuwa mkubwa zamani. Aliwaka kwa nguvu, akamaliza moto wake mapema, na leo ni mdogo kama dunia yetu ila uzito wake ni karibu na wa jua. Waliogawa herufi walimkuta ameshazimika. Nikaweka chaki, nikawaruhusu watoke.

Maana hata mimi nimepewa herufi isiyo yangu. Tangu homa ilipokuchukua kule Salamabila, ulikokwenda kuwauzia wachimbaji nguo, na barabara mbovu ikatulazimisha kukuzika njiani, Kabambare, ukoo unaniita mkubwa. Kwenye vikao nakaa kiti chako. Sikitaki, yaya. Nakutaka wewe.

Sasa sikia habari. Mke wangu Zaina amejifungua mtoto wa kiume, na kesho anapewa jina. Nilitaka aitwe Asani. Shangazi Mwamini akakataa katakata. "Asani mumoja? Batu batamuuliza mpaka azeeke: Useni yako iko wapi? Utamutesa mutoto bure." Unamjua shangazi, akisema amesema. Nusura nikubali jina lingine.

Lakini leo nilipotoka darasani nilikwenda moja kwa moja kwake.

"Shangazi, bakimuuliza Useni iko wapi, ataonyesha baba yake."

"Weye uko mutu muzima. Utakuwa je pasa ya mutoto?"

"Siko pasa yake. Niko pasa ya jina."

Nilidhani atanifukuza. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema huo ukaidi nimeurithi kwako, kisha akanifuata hadi nyumbani.

Pumzika huko Kabambare, yaya. Kiangazi kikikausha njia nitakuja na pikipiki nikusafishie kaburi, nikueleze mtoto anafanana na nani. Ana masikio yako, maskini. Nakupenda. Sikuwahi kukuambia, maana nani huiambia nafsi yake?

Ila nikumalizie. Shangazi alimchukua mtoto mikononi mwa Zaina na kumwinua, akamwita kwa ile sauti aliyokuwa akikuita wewe ukichelewa kula: "Asani! We Asani!"

Nami nikageuka kutazama mlango.

Pasa wako,
Useni