Binti yangu anauliza nani alimpiga yule kijana

Mpendwa Mama Mushauri, amahoro, naomba unisikilize maana moyo wangu umechoka. Mimi niko mama wa Minago, kando ya ziwa, naanika ndagala, wale samaki wadogo, masomo sikufika mbali. Binti yangu Elda anasomea masta ya mambo ya uhalifu na haki, chuo iko ng'ambo, anasoma kwa simu, walimu anawaona kwa kioo tu, na mimi nilifurahi nikasema basi atabaki karibu yangu, kumbe ukaribu ndio shida, maana kwa memware yake, ile kazi ya kuandika ya kumalizia masomo, amechagua kile kisa cha kijana aliyepigwa huku ufukweni mpaka akafa, ati aliiba moteri ya mutumbwi. Anapita kila nyumba anauliza nani alikuwepo. Watu wanamuita maneko, mupelelezi. Jirani mwenzangu Kadidja aliniambia mbele ya wote, "Mama Elda, mutoto wako anasomea kutufunga?" Wakacheka, lakini siku hiyo hakuna aliyenisaidia kugeuza samaki.

Sasa siri yenyewe, mushauri: kaka yangu Silvano alishika fimbo, niliona kwa macho yangu. Ndiye aliyemubeba Elda mugongoni tukirudi kutoka ukimbizini Tanzania. Jana alikuja kula, Elda akamuuliza, "Mujomba, siku ile ulikuwa wapi?" Akajibu, "Ziwani," akanawa mikono, ugali hakugusa. Elda akaandika. Mimi nikaondoa sahani. Je, nifiche simu yake aache masomo? Sitaki kupoteza kaka wala mutoto. Murakoze.

Mama Elda

Mama Elda, barua yako nimeisoma, pole sana, lakini simu usiiguse! Ukiificha ataazima nyingine, na atajua kuna mtu unayemlinda. Binti yako hajakosea kuuliza. Ila hawezi kuchunguza damu iliyo mikononi mwa mjomba wake, na hilo hatalijua usipomwambia. Mwambie wewe, leo, kabla Kadidja, ambaye huenda naye anajua, hajamtupia siri hiyo kwa hasira. Kisha amweleze mwalimu wake kwamba kisa kinagusa familia, aombe kufanyia kazi yake mbali na hapo, Gitaza au kwingine. Na aache kuzunguka peke yake. Waliopiga mara moja hawaogopi mara ya pili.

Silvano usimtungie uongo. Mwambie uliona, atafute wakili, aende mwenyewe kusema. Huenda akafungwa, sikufichi.

Jambo moja limeniuma. Umewataja kaka, binti, hata jirani, lakini yule kijana hukumpa jina. Unalijua, mama. Anza nalo utakapoketi na Elda.