Ni Wewe Unajua

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tena. Sufuria chini ya tundu la sebuleni, beseni juu ya kitanda. Mwanangu Kezia amelala upande wa ukuta, amezoea. Nimesahihisha madaftari huku nikihamisha beseni.

Mchana mvua ilipokatika niliazima ngazi. Nilimwambia Baba Kezia bati limeachia, tulipigilie. "Ni wewe unajua." Siku hizi mume wangu Evariste hana neno lingine. Basi nikapanda mimi, yeye akashika chini. Katikati ya kazi pikipiki ya mteja wake wa mawese ikapiga honi barabarani. Akaachia, akaenda kuongea. Upepo ukaisukuma ngazi, ikaanguka. Nikabaki juu, miguu inaning'inia, mwalimu mzima, wanafunzi wanapita wanasalimia.

Aliyenishusha ni Mama Zawadi, jirani yetu wa Kongo. Aliacha ndagala zake, dagaa wa ziwa hili, juani akaja kuiinua ngazi. "Hii eshele, mbona haukuifunga kule yulu?" Nikamwambia kulikuwa na mtu anashika. Akacheka kidogo. "Mutu iko na mikono, mama. Mikono inachoka. Kamba haichoke."

Evariste alirudi akaona goti langu linatoka damu. Akasema, "Si umeshuka?"

Nimeumia. Goti ni kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Inspekta ameniita. Wamefungua shule mpya upande wa Nyanza-Lac, wanatafuta wa kuiongoza kuanzia muhula wa tatu. Wamenitaja mimi. Jibu Ijumaa ya wiki ijayo, vinginevyo wanampa mwingine.

Nimetoka pale nikapita njia ya ziwani, nilitaka kutembea peke yangu. Nilipokuwa mkimbizi kambini Tanzania, upande wa Kigoma, kabla ya kurudi huku kwetu, niliwafundisha watoto wenzangu chini ya shitingi, yale maturubai ya msaada, kwa kipande cha mkaa. Nilikuwa mtoto na nilitaka hiki. Sijawahi kutaka kitu kingine.

Nimemwambia Evariste tukila. Alichovya ugali, akatafuna, akameza. "Ni wewe unajua."

Nikamuuliza, utakuja nasi? Kezia niende naye, nimwache? Unafurahi, angalau? Akaomba chumvi.

Wanawake wa kanisani wananiambia nimepata mwanaume mpole. Ni kweli. Hajawahi kunipiga. Hajawahi kunikataza kitu. Jumapili anasimama mbele ya kwaya, anainua mikono, na sauti zote zinainuka naye. Nyumbani mikono ile sijui huwa anaiweka wapi.

Leo namchukia.

Alhamisi, 6 Machi

Sikulala. Nimeandika shairi. Mistari minne tu, mingine imekataa kuja.

Ngazi ni yangu, safari ni yangu,
juu kuna mwanga, chini uko wewe,
mikono mfukoni, macho barabarani,
unasema tu: ni wewe unajua.

Nimelisoma mara moja nikaona aibu.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho ni siku ya wanawake. Shule ilitaka kila darasa lisome kitu juu ya mwanamke. Sikuwa nimeandaa chochote, kichwa kimejaa Nyanza-Lac. Nikaandika lile langu ubaoni bila jina. Nikawauliza: mshairi ametumia taswira gani?

Chantal, yule binti mkimya wa nyuma, akanyoosha mkono. "Ni mama anatoka shamba. Iko na ngazi kichwani, anapandisha mulima. Bwana yake iko anabaki kule chini, hamusaidie."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumsahihisha. Ngazi si ya kubeba kichwani, ngazi ni ya kupanda. Darasa zima likanigeukia. "Mwalimu, ya kupanda ni eshele." Nikakumbuka niko wapi. Hapa Rumonge ngazi ni matunda ya michikichi, yale mekundu wanayokamua mawese. Mume wangu ananunua ngazi kila siku ya Mungu, na mimi na Kiswahili changu cha Tanzania nimesahau.

Nikasimama na chaki mkononi. Mimi nilijiona napanda. Mtoto ameniona nimebeba.

Nikawaambia Chantal amepata. Kisha nikatoka nje, nikajifanya natafuta kifutio. Nimelia nyuma ya choo.

Jumapili, 9 Machi

Mungu wangu. Wanafunzi wamelikariri, na wamejua ni langu. Wanaliita shairi la ngazi. Evariste amesikia njiani kwamba mke wake ameandika shairi la ngazi, na yeye ni mtu wa ngazi, basi amefurahi.

Baada ya ibada akawatangazia wanakwaya. "Mama Kezia ameimba kazi yetu." Amenishika bega mbele yao. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika bega. Watu wakaja kunipa mkono na shukrani, murakoze mwalimu, murakoze. Nami nikatabasamu kama mjinga.

Kwa muda mfupi pale uwanjani nilikuwa na mume. Hilo ndilo lililonimaliza.

Jumatatu, 10 Machi

Ameniomba nimsomee. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Nilitaka kumdanganya, nitunge mengine palepale juu ya mawese. Sikuweza. Nikasoma.

Mstari wa tatu akaitoa mikono mfukoni. Akaiangalia. Wa nne akaangalia ukuta.

Nilingoja. Angesema ni uongo, ningeomba msamaha. Angesema ni kweli, ningempikia kuku.

Akasema, "Watu wamesikia hii?"

Jumanne, 11 Machi

Mimi hanisalimii. Anamsalimia Kezia, anasalimia hata mbuzi wa jirani.

Mvua. Beseni.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia magoti. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilipiga magoti jikoni, goti lenye kidonda, nikamwambia: Baba Kezia, kataa. Sema hapana. Hapana naijua, nimekulia nayo, nilifukuzwa kule nikaitwa mgeni huku. Hapana naweza kupigana nayo. Nikataze nijue nagombana na nani.

Akaniinua kwa upole kabisa. "Mimi nimekukataza lini?"

Kweli, hajanikataza. Ndiyo maana siwezi hata kumshtaki. Nikienda kwa mchungaji nitasema nini? Kwamba mume wangu ameniachia uhuru wangu?

Nikienda na mambo yakaharibika, nilijua mimi. Nikibaki nikaoza hapa, nilijua mimi. Yeye hayumo popote. Nimechoka mpaka mifupani. Leo jioni nilikaa kwenye mchanga karibu na vichanja vya Mama Zawadi, nikatamani nisiwepo tu, nisiwe mtu wa kuamua kitu. Mama Zawadi hakuuliza. Alinipa ndagala za kuchambua. Nikachambua mpaka giza.

Ijumaa, 14 Machi

Mpaka mlangoni kwa inspekta sikuwa na jibu. Nilimuaga Evariste asubuhi, nikasimama muda mrefu kuliko inavyohitajika kufunga kamba za viatu. Alikuwa anapima mafuta. Hakugeuka.

Inspekta akauliza kabla sijakaa vizuri. "Bwana amekubali?"

Nikaona uso wa Evariste, nikaona bati, nikaona mikono.

"Hajakataa," nikasema.

Inspekta akaona inatosha. Akaniuliza kama naweza kuanza mara baada ya likizo. Nikasema naweza.

Nyumbani nikamwambia. Akaenda mazoezi ya kwaya. Nimesikia wakiimba mpaka huku. Waliimba vizuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Tunaondoka kesho kutwa. Magodoro yamefungwa. Nimeacha sufuria na beseni vya kukingia maji, atavihitaji.

Kezia amemuuliza mbele yangu, "Papa, unakuja lini?" Mpaka leo, na aibu yote hii, bado nilikuwa nangoja.

"Mama yako ndio anajua."

Sasa amemfundisha na mtoto.

Mama Zawadi amekuja kuniaga na kifuko cha ndagala. Zimefungwa kwa kamba ndefu ya mtumbwi, ndefu kuliko kifuko kinavyotaka. Nikamwambia kamba hii ni nyingi. Akasema, "Beba tu."

Jumapili, 27 Aprili

Nyanza-Lac. Chumba kimoja, jiko la nje. Wengi hapa wametoka kule kambini nilikotoka mimi. Muuza nyanya anasema ngazi na anamaanisha ya kupanda. Nilimkumbatia kama dada yangu.

Shule ina madarasa na haina madawati ya kutosha. Wazazi wananiita Madamu Direktrisi, mimi hugeuka kuangalia nyuma.

Evariste anapiga simu Jumapili. Anaongea na Kezia. Mimi hunisalimia kupitia kwake. Usiku namkosa, siwezi kuandika kwamba simkosi. Nakosa mkono ule begani, wa uwanjani, wa siku moja.

Jana mvua ilinyesha, na hapa pia panavuja. Nikacheka peke yangu. Leo baada ya kanisa nimeazima ngazi kwa mwenye nyumba. Mzee akauliza nani atanishikia. Nikamwambia aniachie tu.

Nilipanda taratibu mara ya kwanza, na kamba ya Mama Zawadi begani, nikaifunga ngazi juu kwenye boriti. Nikaivuta. Nikaivuta tena. Nikashuka kuchukua nyundo, nikapanda.

Nikiwa juu niliangalia chini, ni mazoea. Hapakuwa na mtu. Ngazi ilikuwa palepale.

Nimepiga misumari, nimeshuka, nimepika ndagala. Kezia amekula zote.