Kilio Changu Kimetiwa Vinywani mwa Nyani

Mama mpendwa,

Mulembe sana. Goti lako je, limepata nafuu, au bado unapanda kile kilima cha kanisani ukilishika kwa mkono? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi nipo, nafagia wodi za hospitali huku Uingereza kama kawaida. Mengine si ya kusifu.

Nimemwomba Khavere, binti wa jirani yetu anayekuja huko likizo, akupe barua hii mkononi. Ningepiga simu, lakini wewe simu unaiweka kwa sauti ya juu nyumba nzima isikie, na haya nataka uyasome peke yako.

Ni juu ya ile filamu. Mama, msiende kuitazama.

Najua nilivyowasumbua nayo. Nilipochaguliwa niwe mmoja wa wanakijiji wake niliruka kama mtoto, maana shujaa wake ni yule yule wa msituni ambaye baba alimwona ujanani, gari la sinema lilipokuja sokoni na shuka likatundikwa ukutani. Unakumbuka alivyokuwa akituuliza? "Huyu mtu anarukaruka tu kwa miti, hata shamba hana. Obusuma ya kula anatoanga wapi?" Tulicheka mpaka mboga ikapoa. Basi wamemfufua shujaa wa baba, kwa mapesa yasiyosemeka, na picha yake imebandikwa kwenye kila basi la mji huu.

Msitu waliujenga ndani ya jengo. Majani ya plastiki, Mama, na sisi tumezaliwa ukingoni mwa msitu wa kweli! Siku moja mwongozaji akatuambia mzee wa kijiji amekufa, tumlilie kama tunavyolia kwetu. Wenzangu wakaguna tu. Mimi sikuigiza. Nilipomwona yule mzee amelazwa chini, nilimwona baba.

Unajua sikumzika. Makaratasi yangu yalikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, na kama ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Na unajua mtoto aliyekosa mazishi anavyofanya akifika: haingii nyumbani kabla hajapita kaburini akilia na kumtaja mzazi wake. Nikalia pale pale, kwenye majani ya plastiki. Nikakimbia huku na huko nikiita, "Imbuka! Baba Imbuka!" Nikamtaja fahali wake aliyekuwa akiwashinda wote kwenye mapigano ya mafahali Khayega. Nikamuuliza ameniachia nani. Nilipomaliza, mwongozaji alikuwa akipangusa macho. Nilirudi chumbani nikiwa mwepesi, nikakupigia simu nikakwambia, "Mama, baba nimemlilia, mtaona wenyewe."

Ndiyo maana baba mdogo, aliyesema mbele ya waombolezaji, "Huyo si mtoto. Mtoto analilianga baba yake," sasa anataka kuwakusanya nyote awapeleke ukumbini mjini, aone na kusikia mwenyewe.

Mama, nimeiona Jumamosi. Ni filamu mbovu. Shujaa anaongea, anaongea, simba ni wa kompyuta, na mtu aliyekaa kando yangu alikuwa akikoroma. Nilivumilia nikingoja kijiji chetu. Hakikuja. Mzee hakufa, wanakijiji tulikatwa wote. Kisha shujaa akateleza akaanguka kwenye tope, nyani wakashuka mitini wakamnyang'anya suruali, wakaanza kupiga kelele, na kelele zao zilikuwa sauti yangu. Wameichukua wakawatia nyani vinywani. Nyani anapanua mdomo, anaita, "Imbuka! Baba Imbuka!" na ukumbi mzima ukacheka. Hata yule aliyekuwa akikoroma aliamka akacheka.

Sikutoka. Nilikaa mpaka taa zikawaka.

Nimeuliza. Wameniambia niliweka sahihi, na sauti sasa ni yao. Sina la kufanya. Nakuomba jambo moja tu, baba mdogo asiende akasikia jina la ndugu yake likichekwa. Mwambie filamu ni mbaya na inachosha. Hapo hutakuwa umedanganya. Akisema unamzuia kwa sababu sikulia, mwache aseme. Afadhali anichukie mimi.

Jana nilifunga mlango wa chumba nikajaribu tena, nimlilie baba peke yangu. Haikutoka hata sauti. Nikifungua mdomo tu nasikia vile vicheko. Naogopa, Mama, kwamba hata siku nikipewa ruhusa nikafika langoni, mkanipisha nipite kwenda kaburini, nitasimama pale bubu.

Nisalimie dada yangu mkubwa na watoto wake, na mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kuimba. Yeye naye alisema atakuja ukumbini kunisikia. Mzuie kwa upole.

Ni mimi mwanao, ambaye bado hajamlilia baba yake,

Shivachi